Chumba Kimoja Tu Kilibaki

Kapinga, mwanangu, mama yangu,

Utaniona mjinga. Ninapoandika, wewe umelala ndani ya darasa tulimokimbilia na mimi nimekaa huku barazani. Kati yetu kuna ukuta wa matofali na dirisha lisilo na kioo, nikikohoa unasikia, na bado nakuandikia barua kama mtu aliye nchi nyingine. Kwa mdomo nimejaribu, nimeshindwa. Tangu nikutoe shuleni Mulungwishi nikulete hapa Likasi, kila nikitaka kusema neno la maana linatoka neno la sabuni au la unga. Leo mchana nilikufuata mpaka kwenye bomba, nimekusudia kabisa, nikaishia kukuambia kwamba ndoo inavuja. Ukanijibu, "Ndiyo, Papa, najua." Basi, nikarudi.

Habari za njiani sitakuandikia. Maji ya kuchemsha, sweta, kulaza kichwa juu ya viatu ili visiibwe, hayo yote wanawake wa darasani wamekuimbia mpaka umechoka, na wewe si mtoto. Gari moshi la kesho ni la wanawake na watoto. Sisi wanaume wa Kasai tumeambiwa tutafuata. Neno hilo "mtafuata" nimelisikia sana tangu Katanga ijitenge na kupandisha bendera yake, na sijamwona hata mmoja aliyefuata. Sitaki kukudanganya siku ya mwisho. Sidhani kama tutaonana tena, na ndani yangu kumekuwa giza kwa jambo hilo. Barua hii nitaitia katika furushi lako uisome ukiwa umekwisha kuondoka, kwa sababu kuna swali lako moja ambalo sikulijibu.

Uliniuliza wiki ile uliyofika. Ulikuwa umetoka kwa Mama Chola, mwenye kihoteli kule cité, mtaa wa watu weusi, amekuonyesha chumba alichofia bibi yako. Ulikuja ukasimama mbele yangu, hukuketi.

"Papa," ulisema, "weye ulifunga mulango na funguo juu ya nini?"

Ulitaka kujua kwa nini. Mimi nikachukua kofia yangu nikatoka. Nilizunguka mji mpaka jua likazama, na niliporudi ulikuwa umeniwekea chakula chini ya sahani. Hukuuliza tena. Tangu siku hiyo unaniamkia vizuri, unanipakulia vizuri, unaniita Papa vizuri, na uzuri wote huo unanichoma kuliko matusi. Afadhali ungenitukana.

Hadithi yenyewe unaijua kwa vinywa vya watu. Kwa kinywa changu hujaisikia.

Ulipozaliwa nilikupa jina la mama yangu, na kwetu mtoto akipewa jina la mtu anakuwa mtu huyo tena. Ulikuwa mdogo hujui hata kufuta kamasi, nami nakuita mama, na nikiinua mkono kukuchapa, bibi yako anacheka: "Unataka kumpiga nani?" Mama yako mzazi alipotutoka, yeye ndiye aliyefunga safari peke yake kutoka Kasai kuja Kakanda, huku Katanga tulikoishi, kukulea. Kapinga mkubwa na Kapinga mdogo, mkawa mnaniamrisha wote wawili. Mimi nashona barazani, cherehani inakwenda, nyinyi ndani mnacheka kwa Tshiluba, lugha yetu ya Kasai, nami naona haya mbele ya wateja. Ndiyo, haya. Nimelitaja neno hilo mapema ili nisije nikalikwepa mbele.

Unajua nilifika Katanga kijana. Nilijifunza Swahili ya hapa mpaka nikaisema kuliko wenye nchi, nikajifunza kucheka kwao, kuapa kwao, hata namna yao ya kukataa bei. Watu wengi pale Kakanda hawakujua kama mimi ni mtu wa Kasai. Hawakuuliza, nami sikusema. Bibi yako alikataa katakata kujifunza. Alisema Swahili ni lugha ya kuombea kazi, na yeye haombi kazi. Akipita sokoni anasalimia kila mtu, "Moyo! Moyo wenu!", hivyo hivyo kama watu wa kwetu wanavyosalimiana, na anasimama pale pale njiani mpaka ajibiwe. Nilikuwa nikimwona kwa mbali nageuza njia.

Zamani hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. Katanga ilipojitenga likawa jambo la kufa na kupona.

Vijana wa Katanga walipoanza kuchoma nyumba za watu wa Kasai kule Kakanda, wakisema turudi kwetu, wewe ulikuwa shuleni, na kwa hilo namshukuru Mungu. Bibi yako alikuwa anakohoa tangu baridi ya kipupwe ianze. Hakuogopa moto. Aliniambia, "Nipeleke nyumbani. Sitaki kufa mahali ambapo hata mchwa hawajui jina langu." Tulisikia kwamba kuna gari moshi linalotoka Likasi asubuhi kuelekea Kasai. Nikafunga mlango wa nyumba, nikaacha cherehani ndani, tukapanda lori la makaa. Yeye alikaa juu ya magunia kama chifu, na kila lori liliporuka shimo alimporomoshea dereva matusi ya Tshiluba huku anatabasamu. Dereva alidhani anambariki. "Asante, mama," akajibu, "asante sana." Nilicheka siku hiyo, Kapinga. Nakuambia ili ujue kwamba hatukuondoka tukilia.

Tulipokaribia mji nikamwambia, "Mama, tukifika usiseme neno. Mimi ndiye nitakayesema."

Akaniangalia, uso mweusi kwa vumbi la makaa. "Mimi nilikufundisha kusema," alisema, "leo wewe unanifundisha kunyamaza."

Tulifika jua likizama. Gare, stesheni ya gari moshi, ilikuwa imefungwa. Chini ya kile kibao kinachouita mji huu Jadotville, jina la wazungu, walisimama askari wawili, na hawakuruhusu mtu kulala pale mpaka asubuhi. Ilibidi tutafute hoteli.

Ukiwa peke yako, mwanangu, kutafuta pa kulala si kitu. Utalala juu ya meza, utalala chini ya lori, kesho utajipangusa. Lakini ukiwa na mzazi mgonjwa mkononi, kila anayekukatalia anakukatalia mara mbili, mara moja mbele yako na mara moja mbele yake. Unatamani asione. Na yeye anaona, ila anajifanya anatazama miti.

Hoteli ya kwanza ilikuwa karibu na gare, ile yenye maua, ambayo zamani mtu mweusi aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Sasa walisema ni ya wote. Nyuma ya meza alikuwa kijana wa rangi yetu amevaa koti jeupe. Akatazama miguu ya mama iliyojaa makaa, akasema, "Complet," yaani pamejaa. Nyuma yake ukutani funguo zilikuwa zimejaa, zimening'inia zote. Tulipotoka mama akauliza zile funguo zote ni za nini. Nikamwambia ni za nyumba nyingine.

Ya pili ilikuwa cité. Mwenyewe alikuwa mzee mpole, tulielewana upesi, alikuwa ameshika taa tayari kutuonyesha chumba. Mama akavuka kizingiti, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti yake yote, "Moyo wenu!"

Yule mzee akaishusha taa. Akanivuta pembeni.

"Papa, minye sina mubaya na weye," alisema. "Lakini bale bavijana banapita kila magharibi, banauliza nani analala humu. Bakikuta bantu ya Kasai banachoma nyumba. Na minye iko na batoto."

Hakuwa mtu mbaya. Hasira zangu hazikumwendea yeye, zilimwendea mama. Pale barabarani, watu wakipita, nilimkaripia mama yangu mzazi kama mtoto aliyevunja chungu. "Nilikuambia! Nilikuambia unyamaze!" Yeye alikuwa ameshika ukuta akingoja kikohozi kipite. Kilipopita alisema taratibu, "Nyumba ya mtu huingii bila kusalimu." Na hakusema tena mpaka tulipofika kwa Mama Chola.

Pale umepaona. Mbele baa, nyuma ua, na vile vyumba vidogo vya bati vimepangwa kama vizimba vya kuku. Mama Chola alikuwa amekaa uani anamenya karanga. Hakunitazama mimi kabisa, alimtazama mama.

"Ule mama iko mugonjwa," alisema. "Ingia. Lakini chumba iko moja tu. Ile ingine yote bagendarmes banakamata."

Nikasimama. Nikamwambia hapana, chumba kimoja hakitoshi, mimi ni mtu mzima na huyu ni mama yangu.

Wewe umelelewa na bibi yako, sina haja ya kukueleza sana. Mwanaume aliyekwisha kuoa haketi kwenye kitanda cha mama yake. Haingii anapolala. Akilala naye chumba kimoja ni tshibindi, ni kosa linaloleta kifo katika nyumba. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe.

Mama Chola akatikisa karanga mkononi, akapuliza maganda. "Kwetu pia ni mwiko," alisema. "Lakini vita haiyue mwiko, papa. Tundika kitambaa mu katikati. Weye huku, yeye kule. Mungu ataangalia pembeni."

Nilikataa. Nikanyoosha mgongo hata. Niangalie vizuri nilivyokuwa pale, Kapinga, kwa sababu mimi nimejiangalia mara nyingi na bado sijielewi. Mtu aliyelificha kabila lake miaka yote, aliyemkaripia mama yake njiani kwa salamu tu, alipofika mlangoni pa kile chumba ndipo akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa Kasai mwenye mila. Nilijiona mwungwana. Niliona kwamba ninamheshimu.

Nikamwingiza ndani, nikamwekea kikombe cha maji, nikamkunjulia blanketi la kitandani, lilikuwa moja tu. Aliketi, akauliza, "Na wewe?" Nikamwambia nitalala kwa fundi mwenzangu, mtaa wa pili, na asubuhi na mapema nitakuja kumchukua twende kwenye gari moshi. Nikatoka, nikavuta mlango, nikazungusha ufunguo, nikautia mfukoni.

Mama Chola aliona. "Unafunga mama yako?"

"Ni kwa usalama wake," nikamwambia.

Sasa nakujibu. Ulifunga juu ya nini, Papa? Nilimwambia Mama Chola ukweli nusu. Katika chumba cha jirani wale gendarmes, wanajeshi wa Katanga, walikuwa wanakunywa, na kweli niliogopa wasije wakamwingilia. Nusu ya pili sijamwambia mtu. Nilimfungia asije akatoka akasalimia watu. Niliona haya kwa ulimi wa mama yangu, ulimi ulioniita jina langu kabla mtu mwingine yeyote hajanijua, na niliufungia ndani kwa ufunguo kama mtu anavyomfunga mbwa mwenye kelele. Ndiyo jibu. Ningekuwa na jibu jingine ningekupa.

Mtaa ulifungwa nyuma yangu. Vijana waliweka vizuizi, hakuna mtu aliyepita tena mpaka kupambazuke, na mimi nililala kwa fundi mwenzangu juu ya vipande vya vitambaa, joto kabisa. Nililala usingizi mzuri. Hilo nalo ujue.

Asubuhi nilimkuta Mama Chola amekaa juu ya kreti ya bia, mgongo umeegemea mlango wa mama, amejifunika gubigubi. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuinuka.

"Alikuwa anaita," alisema. "Muana wanyi, muana wanyi. Minye nikakuya. Nikamujibia na Swahili yangu, yeye na Tshiluba yake. Tukazungumuza, tukazungumuza. Hatukusikilizana ata neno moja. Kiisha akanyamaza."

Mwanangu, mwanangu, ndivyo alivyokuwa akiita. Nikamuuliza kwa nini hakuvunja mlango. Nilithubutu kumuuliza yeye hivyo.

"Bale ya pembeni bangeamuka," alisema. "Bangekuya kuangalia ni nani iko ndani. Ningefanya nini, papa? Funguo iko na weye."

Nikafungua. Ufunguo ulizunguka lakini mlango haukuenda, kulikuwa na kitu nyuma yake. Unafungukia ndani, umeuona. Ilibidi nisukume. Nilisukuma kwa bega, taratibu, na nilijua ninachokisukuma. Alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea mlango, kama Mama Chola alivyouegemea upande wa pili. Watu wawili wasiojuana lugha, wamekaa mgongo kwa mgongo, ubao mmoja kati yao. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Pale hakupona mtu.

Nilipomlaza ndipo nikaona kile chumba.

Alikuwa amefunga kamba kutoka msumari wa mlango mpaka nondo ya dirisha, na juu ya kamba ametundika kitenge chake cha Jumapili, kimegawa chumba katikati. Upande wa kitanda hakukuwa na kitu, godoro tupu. Upande wa pili, chini, alikuwa amenitandikia. Lile blanketi moja alilitandaza pale sakafuni, akalikunja pembe moja kama mto, na kikombe cha maji akakiweka karibu na kichwa. Maneno yangu ya kulala kwa fundi hakuyaamini, na hakujua kwamba ufunguo maana yake ni kwamba sirudi. Katika nyumba alizokulia, mlango hufungwa kwa kamba, na wa kwao akitoka usiku anarudi. Alinitengenezea mahali, akabaki na baridi, akaningoja.

Yeye ndiye aliyenifundisha mwiko ule, na yeye alikuwa amekwisha kuusamehe. Hakuniambia kwa sababu nilimwamuru asiseme.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja kuzaliwa. Yaliingia nami pale mlangoni na hayajatoka.

Mama Chola alimwosha. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na yeye hakunieleza kitu, nami sikuuliza. Alimvika kitenge chake mwenyewe kipya, kwa sababu mimi sikukubali kukishusha kile cha kwenye kamba. Tulimzika hapa hapa, makaburini kwa watu wa cité, watu wanne na mchungaji mmoja aliyekuwa na haraka. Gari moshi la Kasai lilichelewa siku hiyo, likapiga honi tukiwa tunafukia. Ndilo alilokuja kulipanda. Sikulipanda mimi pia, ningekwenda kumwambia nani nini? Baadaye nikasikia nyumba ya Kakanda imechomwa, na cherehani ndani.

Sasa tazama tunavyoishi. Darasa moja, ubao wenye hesabu za watoto bado haujafutwa, na humo familia zote za Kasai zilizokimbia moto. Mzee Kalala, yule fundi seremala, analala mguu kwa mguu na mama mkwe wake, mtu ambaye zamani akimwona njiani alikuwa anaruka mtaro ajifiche. Akina mama na wana wao wakubwa, mashemeji, wakwe, wote chini ya bati moja. Siku za kwanza watu walilia kwa haya. Sasa wanagombania nafasi ya karibu na ukuta. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa tshibindi, Kapinga. Tunakufa kwa kuhara na kwa baridi. Siku ile ningengoja kidogo tu, vita vingenifundisha mwenyewe kile Mama Chola alichonifundisha bure nikakataa.

Sisemi mila ni upuuzi. Nadhani waliozitunga walikuwa na nyumba mbili. Maisha yangu yote nilipima nguo kwa mtu. Mtu akinenepa nafungua mshono. Mama yangu peke yake ndiye niliyetaka yeye apunguzwe ili nguo imwenee.

Huko unakokwenda hujawahi kufika. Baba yako mkubwa atakupokea, ni mtu mwema, ana kelele tu. Tshiluba chako ni cha bibi yako, chote, hata matusi, na watu wazima watashtuka wakikusikia. Lakini watoto wa huko watakucheka kwa jinsi unavyochanganya na Swahili, watakuita mtu wa Katanga. Hapa tumefukuzwa kwa kuitwa watu wa Kasai, huko mtaitwa watu wa Katanga. Sijui utafanya nini na jambo hilo. Mimi nililifanyia vibaya. Nililificha, na mtu akizoea kuficha kitu, siku moja anamficha mama yake. Sema vyovyote utakavyosema, mwanangu, ila usijifungie mlango.

Kitenge kile unakijua. Ndicho nilichokutundikia pembeni mwa darasa ulipofika, nawe ukakitambua, ukakinusa, ukageuka ukutani. Kesho kishushe uende nacho. Amini usiamini, hilo ndilo jambo pekee lililobaki linalonipa nguvu ya kukusindikiza: kwamba bibi yako aliomba kupelekwa nyumbani, mimi nikashindwa kumfikisha, na kesho Kapinga anakwenda nyumbani. Mchwa wa huko wanalijua jina lako. Waulize.

Na kuna jambo jingine, la mwisho, ambalo limenitoa jasho kuliko yote niliyoandika.

Tangu ulipofika mimi nalala huku barazani. Nimesema ni kwa sababu wewe ni msichana mkubwa, na tena wewe ni mama. Watu wamenisifu. Lakini kila jioni, Kapinga, unatandika mkeka upande wa pili wa kile kitenge, upande wa mlango. Husemi ni wa nani. Kila asubuhi unaukunja, haujalaliwa. Nimeuona siku ya kwanza nikajifanya sikuuona. Nimeuona kila siku. Umekuwa ukinifanyia vile vile alivyonifanyia yeye, na mimi nimekuwa nikikutendea vile vile nilivyomtendea, tofauti ni ufunguo tu.

Hata sasa uko pale. Nauona kupitia dirishani, na blanketi lako umelikunja pembe.

Utakaposoma hapa utakuwa unajua tayari kama niliingia au kama niliishia barazani. Mimi bado sijui. Miguu yangu imezoea woga. Kama ulisikia mlango, ukasikia mtu mzima anavua viatu, basi ulisikia pia nikisema ile salamu ambayo sijaitoa mdomoni mbele ya watu tangu ujana wangu: Moyo, mamu. Nyumba ya mtu huingii bila kusalimu. Na kama ulisikia, natumaini ulijibu. Kama hukusikia kitu, basi baba yako alikuwa mwoga mpaka mwisho, na barua hii uitupe dirishani gari moshi likiwa linakwenda.

Nakunja karatasi. Nasimama.

Muana webe, mtoto wako,
Papa